Je, wajua? Kitanda cha sebuleni Busia kianzie kwenye chandarua

Anayetafuta kitanda cha sebuleni, kile kinachokaliwa mchana na kulaliwa na mgeni usiku, aghalabu huanza na rangi ya mito. Kwa nyumba za Busia na Malaba, ni heri aanze na chandarua. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini Kenya, na mbu wanaoieneza huuma hasa usiku, mgeni akiwa amelala fofofo. Kwa hiyo chagua futi 3 kwa 6: godoro lake halisumbui kupatikana, na neti ya kawaida hulifunika ikabaki ya kuchomekwa chini yake.

Wapo watakaosema neti huharibu sura ya sebule. Hoja hiyo ina uzito, kwani sebule ndiyo uso wa nyumba, lakini ndoana moja darini haimkeri mtu. Asubuhi neti hukunjwa ikawekwa kwenye droo ya chini ya kitanda, mbali na jua kali linalodhoofisha dawa yake. Wengine watataka fremu ya chuma kwa kuhofia mchwa. Lakini mvule, mti unaofahamika pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, huwahimili vizuri. Tatizo kubwa zaidi, naona, ni upana: futi 3 ni nyingi mno kwa kukaa, mgongo hukosa egemeo. Hapo ndipo mito inapokuwa na kazi. Panga mikubwa, migumu, ukutani, uivishe foronya za kitenge zinazofulika.