Kizuizi cha Barabarani na Fomu 34A

Tarehe 30 Desemba 2007, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi wa urais. Muda si muda Kibaki akaapishwa Ikulu huku giza likiingia. Waliolalamika kwamba kura zimeibwa waliambiwa waende mahakamani, na viongozi wa chama cha upinzani cha ODM wakakataa katakata. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, 405 kati yao kwa risasi.

Kukataa kule kumelaumiwa sana, kana kwamba kulikuwa ukaidi wa wanasiasa tu. Anayezijua kesi za urais za Kenya hawezi kulaumu upesi hivyo. Mwaka 1992 mgombea wa upinzani Kenneth Matiba alishindwa na Rais Daniel arap Moi. Matiba alikuwa amepata kiharusi alipokuwa kizuizini, kwa hiyo mkewe ndiye aliyetia saini hati za kesi, tena akiwa na idhini yake ya kisheria. Majaji wakasema mlalamikaji sharti atie saini kwa mkono wake mwenyewe, na kesi ikatupwa bila hata kura moja kuchunguzwa. Baada ya uchaguzi wa 1997 ikawa zamu ya Kibaki huyohuyo kumshtaki Moi. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kuchapisha taarifa ya kesi katika Gazeti Rasmi la Serikali hakutoshi. Rais alipaswa kukabidhiwa hati ana kwa ana. Nani angewapenya walinzi wa Ikulu na bahasha mkononi? Kesi hiyo nayo ikaishia hapo, karibu miaka miwili baada ya kura.

Hayo yanaeleza kwa nini imani ilikwisha. Hayahalalishi hata tone moja la damu iliyomwagika. Watu waliochomwa moto kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, walikuwa wamekimbilia pale kutafuta usalama. Hawakuwa wamejumlisha kura za mtu. Katika vizuizi vilivyowekwa barabarani, vijana walisimamisha magari na kudai vitambulisho. Jina la ukoo ndilo lililokuwa ushahidi, na hukumu ilitolewa papo hapo. Anayechukua sheria mkononi humwadhibu aliye karibu naye, kwa sababu mkosaji mwenyewe yuko mbali na ana ulinzi.

Wakenya walilijibu jambo hilo kwa kuandika upya Katiba. Ibara ya 140 ya Katiba ya 2010 inampa mtu yeyote haki ya kupinga uchaguzi wa Rais ndani ya siku 7 tangu matokeo kutangazwa, na Mahakama ya Juu lazima iamue ndani ya siku 14 tangu kesi kufunguliwa. Anayetangazwa mshindi haapishwi kabla ya kesi kuisha. Jambo hili la mwisho ndilo ninaloliona kuwa na uzito kuliko yote, maana mwaka 2007 kiapo kilitangulia malalamiko.

Sheria hiyo ilijaribiwa kwa kina mwaka 2017. Agosti 11 Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 54. Polisi waliua watu Kisumu na Mathare katika siku zilizofuata, na watu walikuwa na kila sababu ya kughadhibika. Kesi ya Raila Odinga, mpinzani wake aliyeshindwa, hata hivyo, haikuzungumzia ghadhabu. Ilizungumzia Fomu 34A, karatasi inayojazwa na msimamizi katika kila kituo cha kura na kutiwa saini na mawakala wa vyama. Je, fomu zilifika zote? Zilikuwa na alama za usalama? Mbona mshindi ametangazwa kabla fomu nyingine hazijapokelewa? Mahakama iliiagiza tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe, na tume haikutii ipasavyo. Septemba 1, majaji wanne kati ya sita walioketi waliubatilisha uchaguzi.

Majaji hao hawakusema Raila ameshinda, wala hawakumwona Kenyatta mwenyewe na kosa. Walichopima ni kama kura zimejumlishwa na kutumwa kwa njia ambayo mwananchi anaweza kuihakiki. Kenyatta aliwaita wakora mbele ya umati wa wafuasi wake, lakini alisema ataiheshimu hukumu, na uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26. Raila aliususia, na mvutano ukaendelea kwa miezi kadhaa. Sitadai kwamba hukumu ilituliza kila kitu. Ila uchaguzi wa 2022 ulipofika, tume iliweka picha za Fomu 34A za karibu vituo vyote mtandaoni, na mwananchi mwenye simu na subira akaweza kujumlisha mwenyewe. Karatasi zilizobishaniwa mahakamani sasa zilikuwa wazi kwa kila mtu.

Raila alishindwa mahakamani mwaka 2013, akashindwa tena 2022. Mara zote mbili alisema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Kwa mlalamikaji, siku hizo 14 ni chache mno: mwaka 2013 sehemu ya ushahidi wa upande wake ilikataliwa kwa sababu ilichelewa kuwasilishwa. Muda huo unafaa kurefushwa, na wanasheria wengi wa Kenya wamelisema hilo. Na kesi ya urais haiwagusi kabisa waliopoteza ndugu kwa risasi za polisi. Hao wanahitaji uchunguzi na mashtaka yao wenyewe, na wengi wamesubiri mno.

Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, hata siku hizo 14 hazipo. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mgombea kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza uchaguzi huo. Wakili mmoja Mtanzania aliipeleka ibara hiyo mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, na Julai 2020 majaji wakaamua kwamba inakiuka Mkataba wa Afrika, wakaitaka serikali irekebishe. Anayedhani kura yake imechezewa anaweza kushtaki kuhusu diwani au mbunge. Kuhusu Rais, Katiba haijamwonyesha pa kupeleka ushahidi wake.