Japani Niliiona Barazani Kwetu

Likizo iliyopita wenzangu wengi walisafiri, wengine Arusha na wengine Dar es Salaam. Mimi nilibaki kwetu Pangani pamoja na babu. Mzee huyu, tangu alipofariki mwenzake wa kucheza bao, alikuwa hana maneno na mtu. Kila alasiri huketi barazani, bao lake limefunikwa gunia, akitazama njia mpaka magharibi. Nilipomwomba anifundishe alinijibu, "Bao halichezwi na mtoto mwenye haraka." Nikanyamaza.

Basi nataka kuwaelezeni jinsi nilivyojifunza habari za Japani, vyakula vyao na michezo yao, bila ya kuondoka katika baraza hiyo. Mjomba aliniachia simu yake ya zamani, akaniwekea bando, akanionya nisitazame upuuzi. Nikatafuta filamu za maelezo, yaani zile zionyeshazo mambo ya kweli na wala si hadithi za kubuni. Shirika la Utangazaji la Japani, NHK, limeweka filamu nyingi kwenye intaneti, nazo hutazamwa bure, ila zile nilizoziona zilikuwa kwa Kiingereza. Filamu ni bure, lakini bando si bure. Ilinibidi kupunguza ubora wa picha, na mara nyingine nyuso za watu zilikuwa kama zimetiwa ukungu.

Filamu iliyonishika zaidi haikuwa ya NHK. Ni ile iitwayo Jiro Dreams of Sushi, iliyotolewa mwaka 2011 na Mmarekani David Gelb. Inaonyesha kazi ya mzee Jiro Ono, aliyezaliwa mwaka 1925, katika mkahawa wake wenye viti 10 tu, chini ya ardhi penye kituo cha treni cha Ginza, mjini Tokyo. Chakula chake ni sushi, yaani tonge dogo la wali uliotiwa siki, na juu yake kipande cha samaki, mara nyingi mbichi. Mwaka 2007 kitabu cha Michelin cha Wafaransa kiliupa mkahawa huo nyota tatu, nacho hakina daraja kubwa kuliko hiyo.

Bibi alikuwa akichambua mchele karibu nami, hana habari na simu, mpaka alipoona pweza. Kwetu, kama mjuavyo, pweza akitoka mwambani hupigwa na kupigwa mpaka alainike, kwa kuwa nyama yake ina nyuzi ngumu. Kule kijana wa kazi humkanda kwa mikono miwili kama mtu akandaye unga. Zamani walimkanda nusu saa, lakini siku hizo za filamu walikuwa wamefika dakika 40 mpaka 50. Nilipomfasiria, bibi alicheka sana. "Saa nzima pweza mmoja! Wateja wanakula saa ngapi?"

Kuna kijana mwingine ambaye alifanya kazi pale miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kupika mayai. Aliyapika zaidi ya mara 200, na kila mara yalikataliwa. Siku mzee aliposema sasa yamefaa, kijana alilia. Hapo babu, ambaye nilidhani amelala, aliuliza, "Mara ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Huyo anafundishwa," akageuka upande wa pili.

Nami nikaona heri nijaribu. Wali wa sushi huoshwa mpaka maji yawe meupe, hupikwa kwa maji matupu bila nazi wala mafuta, kisha hutiwa siki, sukari na chumvi, na kuchanganywa kwa mwiko huku ukipepewa. Nilichukua kilo moja ya mchele ambao mama alikuwa ameuweka kwa ajili ya wageni wa Ijumaa. Sikumwomba. Niliufanya kila neno kama nilivyoona, lakini tonge halikukubali kushikana. Kila nilipolifinya lilimwagika vidoleni. Mama aliporudi aliutazama wali, akaonja, akasema neno moja tu, "Mtaula." Tuliula siku mbili, na mchuzi wa dagaa, nao ulikuwa na ukali wa siki hata kwa mwenye njaa. Ijumaa mama alikwenda kukopa mchele kwa jirani, nami ndiye niliyetumwa kuuomba.

Niliporudi shuleni mwalimu wetu wa kemia alinieleza sababu. Mchele una wanga wa namna mbili, amilosi na amilopektini. Ule wa Wajapani ni wa punje fupi, una amilosi kidogo, kwa hiyo ukipikwa hushikamana. Mchele wetu wa punje ndefu una amilosi zaidi, na punje zake huachana, nasi ndivyo tuupendavyo. Kosa halikuwa la mikono yangu. Kosa la kuchukua bila ruhusa ni jambo jingine.

Supu zao hutengenezwa kwa mwani uitwao kombu, nao si huu wetu ulimwao pwani. Katika mwani huo Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo alipata, mwaka 1908, kile kinacholeta ladha ya utamu wa mchuzi, akaiita ladha hiyo umami. Niliitazama pia mieleka ya sumo, watu wanene wakirusha chumvi uwanjani kabla ya kushikana. Lakini bando lilikuwa linakaribia kwisha.

La mwisho nililoliona ni shogi, mchezo wa jamii ya sataranji. Ubao una vyumba 81, na kila mchezaji ana kete 20. Kete zote ni za rangi moja, zina ncha mbele, na ncha ikielekea kwako ujue ni ya adui. Ajabu yake ni kwamba kete uliyoiteka haitupwi. Huiweka akiba, na zamu yako ikifika waweza kuirudisha ubaoni ikupiganie wewe. Bingwa wao, Fujii Sota, alizaliwa mwaka 2002, akaingia katika wachezaji wa kulipwa akiwa na umri wa miaka 14, na mwaka 2023 alizishika taji zote nane kwa pamoja. Tena anayeshindwa husema mwenyewe kwa kinywa chake kuwa ameshindwa, akainama, na baadaye wote wawili huurudia mchezo kutazama kosa lilikuwa wapi.

Babu aliniambia nirudie hapo penye kete kugeuka. Nikarudia. "Kumbe ni kama bao," akasema. Na kweli, katika bao kete 64 haziondoki; ukila za mwenzako unazipanda upande wako, zikawa zako. Aliitazama ile simu kwa karibu, macho yake hayana nguvu tena, akauliza kama huyo kijana wa miaka 14 alikuwa bado anasoma. Nikasema ndiyo. Akakaa kimya kitambo.

Mara simu ikazimika, bando limekwisha. Babu akanyosha mkono, akalifunua gunia, akapuliza vumbi mashimoni. "Kaa," akasema. "Lakini ukifungwa useme mwenyewe."

Mpaka siku ya kufungua shule nilikuwa nimesema mara 22. Yeye alisema mara moja, na hata hiyo anadai kulikuwa kiza.