Kusogeza Kamera na Kuvuta Picha

Katika mchezo wa video uitwao Skater XL, uliotoka rasmi mwaka 2020, mchezaji hutenda kwanza mruko wa ubao wa magurudumu. Kisha, katika marudio, huiweka kamera apendapo, akahariri filamu fupi na kuwaomba wenzake mrejesho, yaani maoni ya kumwezesha kuirekebisha kazi yake. Akiambiwa "umekaribia mno", atarekebisha nini? Huenda kamera yenyewe i karibu, au lenzi ndiyo iliyokuza picha. Mambo haya hayafanani. Kamera ikisogezwa, uwiano wa ukubwa kati ya mtu na vilivyo nyuma yake hubadilika. Picha ikivutwa kwa lenzi, uwiano hubaki ule ule, ila vyote hukua pamoja.

Kwa hiyo twapendekeza *kusogeza* kwa mwendo wa kamera, *kuvuta* kwa kazi ya lenzi, na *kugeuza* kwa kamera inayoelekezwa upande mwingine ikiwa imesimama pale pale. Wafasiri na walimu wasiyachanganye. Asemaye "isogeze nyuma, usivute" amempa mwenziwe kazi ya kufanya. Asemaye "si nzuri" amemwachia fumbo.