Je, Wajua? Pete tupu humkuza nzi
Kupiga picha ya jicho la nzi hakuhitaji lenzi ya bei mbaya. Kamera ya mtumba inayobadilishwa lenzi inatosha, pamoja na lenzi ya milimita 50. Kati ya kamera na lenzi chomeka pete tupu, zisizo na kioo ndani, zenye jumla ya urefu wa milimita 50: taswira inayoangukia sensa inalingana na nzi mwenyewe kwa ukubwa. Ila mwanga unaofika hubaki robo tu. Pete rahisi hazina nyaya za kuunganisha kamera na lenzi, kwa hiyo chagua lenzi ya zamani ambayo tundu lake la mwanga hurekebishwa kwa mkono. Jicho likitoka wazi, mabawa huwa ukungu. Usihangaike kulenga kwa lenzi. Sogea mwenyewe, mbele na nyuma, pumzi umeibana, kabla nzi hajaruka.