Bresi Zinataka Discipline, Chanuka Mapema

Siku hizi ukishuka mat pale Kencom, ni lazima upishane na msee ana waya kwa meno. Mayut, masistee wa ofisi, hata mabuda. Na hiyo ni poa sana. Kitambo mtu wa meno zimepandana alikuwa anacheka akifunika mdomo na mkono. Sai anajua kuna form. Kitu moja tu nataka ishike: dokta anafunga waya, lakini job kubwa unafanyia kejani kwako.

Cheki venye inafanyanga. Dokta anabandika ka-brakiti kwa kila jino, anapitisha waya, anaifunga na turaba. Waya ikijaribu kunyooka, inasukuma jino mos mos. Upande wenye jino linaendea, mfupa unalika. Kule limetoka, mfupa mpya unajengeka. Mwili hauharakishwi, ndo maana wengi wanakaa nazo ka mwaka moja na nusu hadi miwili, wakirudi kliniki kila wiki 4 hadi 8. Ukiruka kurudi, waya inaisha nguvu na meno zinakaa tu hapo.

Siku za kwanza ni ngori, usidanganywe. Dishi uji, ndengu zimeiva poa, ovacado, ugali na supu. Brakiti ikikukwaruza shavu, kata ka-nta kenye ulipewa, kaviringe na vidole, kausha brakiti na tishu, halafu ukabandike juu. Vidonda suuza na maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Kwa dishi, miwa, mahindi choma, njugu na mifupa ya choma wachana nazo, ju hizo ndo zinang'oanga brakiti. Tofaa na nyama kata vipande vidogo. Na ka ulichagua turaba twa kuonyesha ndani, jua mchuzi wa manjano utatugeuza yellow kabla urudi kliniki. Blue ama grey inaficha.

Mswaki sasa. Kila ukimaliza kudishi, piga juu ya waya, piga chini yake, halafu pitisha ka-brashi kembamba katikati ya brakiti. Mwenye hupuuza hii anakuja kujua siku ya kutolewa: penye brakiti ilikaa jino liko safi, lakini pembeni kumezunguka madoa meupe ka chaki. Hapo asidi ya bakteria imeshakula jino, na mswaki haiwezi toa hayo.

Kuna wale wanapewa raba za kuvuta, zenye zinashika jino la juu na la chini. Ukiambiwa mchana na usiku, ni mchana na usiku. Ukizivaa tu ukilala ju unaona haya mbele ya mabeshte, unajiongezea miezi. Na usidunge mbili pamoja ati umalize haraka, utaumiza meno. Wenye wako na alaina, zile plastiki za kutoa, masaa 20 hadi 22 kwa siku. Unatoa tu ukidishi na ukipiga mswaki.

Zile bresi za fasheni za kugluu saluni, please, zikatae. Hakuna eksirei, hakuna plan, na waya yoyote ikikaa kwa jino inaweza lisukuma vibaya. Brakiti ikitoka usiku unaweza imeza. Kabla utoe doh yako, hakikisha dokta ako kwa rejista ya KMPDC, lile baraza la madaktari na madaktari wa meno Kenya.

Halafu kuna riteina, ile ya kushikilia meno baada ya bresi, penye wengi huangukia. Bresi zikitoka, mfupa bado ni mchanga na meno zinataka kurudi kwao. Vaa riteina venye dokta amesema, hata ka ni usiku tu, miaka na miaka. Usiioshe na maji moto, itajikunja. Na ukidishi kibandaski, usiifunge kwa serviet, ju itabebwa na takataka. Kila ikitoka mdomoni, iende kwa boksi yake. Smile umeitafuta miaka miwili, ilinde.