Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

Msimu wa kaskazi ukiingia na joto lake, kuanzia Desemba hadi Machi, wenye magari wa Tanga hutujia na ombi moja: "Fundi, niongezee gesi." Wengi wao walijaziwa mwaka uliopita tu.

Gesi hii haichomwi kama petroli. Kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza mpaka iwe maji, kisha nyuma ya dashibodi hugeuka tena mvuke na kufyonza joto la ndani ya gari. Halafu mzunguko unaanza upya. Kupungua kidogo kidogo kwa miaka mingi kupitia mipira ni kawaida. Ikiisha kwa miezi michache, pana tundu. Kujaza bila kuziba ni kununua baridi ya wiki chache.

Kabla ya kutoa hela, washa gari na AC, fungua boneti usikilize. Kwenye magari mengi utasikia "tak" kompresa inaposhika. Kimya? Anza na fyuzi na relei. Vikiwa vizima, huenda gesi imekwisha: swichi ya presha huizuia kompresa isijiue kwa kukosa mafuta, maana mafuta yake husafiri pamoja na gesi.

Kama baridi ipo gari likitembea na inapotea likisimama, tazama feni, kisha kondensa. Hapa ndipo pwani yetu inapotuumiza. Juzi nimefungua Noah inayopita barabara ya Pangani kila siku: kondensa imezibwa na mchanga na wadudu, chumvi nyeupe imetanda pembeni, na mapezi ya aluminiamu yanamong'onyoka kidoleni kama chapati iliyokauka. Gesi haikuwa na kosa. Ioshe kondensa kila mwezi kwa maji safi yasiyo na presha kali, maana presha hukunja mapezi.

Upepo ukiwa dhaifu, toa filta iliyo nyuma ya kidroo cha dashibodi. Maji yakilowesha zulia upande wa abiria, bomba la kutolea maji limeziba.

Kutafuta tundu, zima injini, kagua maungio ya mabomba. Mafuta yakivuja, vumbi huganda hapo likawa doa jeusi lenye utelezi. Paka povu la sabuni. Likitoa mapovu, umelipata.

Hapo koma. Usifungue nati yoyote. Gesi ya AC aina ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikirukia jicho hugandisha. Gesi ya kupikia usiiruhusu kabisa kujazwa kwenye AC, kwani ikivuja ndani ya gari cheche moja inatosha. Wala R134a isiachiwe hewani: kilo moja yake huongeza joto la dunia sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi, na ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za aina hii.

Kwa fundi, dai mambo mawili. Kwanza, tundu likishazibwa, apige vakyumu nusu saa au zaidi, kwa sababu unyevu wa pwani ukibaki ndani huganda kwenye valvu na kuzaa asidi inayokula kompresa. Pili, apime gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Asiye na mashine ya vakyumu, usimpe gari lako.