Samaki mwenye kulinda nyumba ya wengine

Bandugu wa shimo na wamama wa nyumbani, tunajua kazi ambayo hakuna anayeiona mpaka mwenye kuifanya akosekane. Katika bahari ya Karibi, kazi hiyo iko kwa samaki mmoja anaitwa pono. Mdomo wake ni kama wa kasuku. Anakwangua majani yanayoota juu ya matumbawe. Matumbawe si mawe tu, yako na uzima, na samaki wengi wanajificha humo. Majani yakizidi, yanakufa.

Kule Jamaika watu waliloba pono mpaka wakabaki kidogo. Mzigo wa kula majani ukabaki kwa kinyama kimoja cha miiba. Mwaka 1980 zoruba ikavunja matumbawe. 1983 ugonjwa ukaanza kumaliza kile kinyama. Wenye elimu walipima: mwisho wa miaka ya 1970 matumbawe yalifunika karibu nusu ya sehemu walizopima, mwanzo wa miaka ya 1990, karibu 3 kwa 100.

Mwaka 2009 serikali ya Belize ikakataza kuloba pono. Ni vizuri. Lakini sisi wa sendika tunauliza: mwenye kuloba atalisha watoto na nini? Sheria ya kulinda samaki imulinde na yeye.